Kabla mzazi hajasaini fomu ya utafiti

Mama anarudi kutoka kliniki ya watoto na karatasi kadhaa ndani ya mkoba. Watafiti wa chuo kikuu wameomba mwanawe wa miezi minane aingie kwenye jaribio la chanjo linaloanza mwezi ujao. Nyumbani, baba anauliza watalipwa kiasi gani. Bibi hataki hata kuziona: "Hao ni mumiani, mwanangu. Wanataka damu ya mtoto." Jirani naye anamwambia asichezee bahati, kwani watoto walio kwenye utafiti hutibiwa bure.

Usiku, mtoto akishalala, mama anazisoma zile karatasi. Anakutana na maneno "ridhaa", "hiari" na "kundi la kulinganisha", na mwishoni mstari mtupu unaosubiri sahihi yake. Kesho kutwa anatakiwa kurudi na jibu.

Familia nyingi zinazoishi karibu na vituo vya utafiti, kama vile Bagamoyo, Kilifi na Siaya, zimewahi kufika hapo. Baba, bibi na jirani kila mmoja ana la kusema, lakini bado hakuna aliyeuliza swali kubwa: watafiti hawa wanatafuta jibu gani, na mtoto atalindwaje wakati wakilitafuta?

Utafiti si matibabu

Jaribio la kitabibu hufanywa kwa sababu kuna jambo ambalo madaktari bado hawalijui. Kama wangekuwa na hakika kwamba dawa mpya inaishinda ya zamani, kusingekuwa na haja ya kujaribu.

Daktari wa zahanati humchagulia mtoto dawa anayoona inamfaa yeye. Mtafiti hufuata mpango ulioandikwa na kupitishwa kabla mtoto wa kwanza hajaandikishwa. Mtoto anaweza kunufaika, lakini lengo la jaribio ni kupata jibu litakalowasaidia watoto watakaokuja baadaye. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe "atapona kwa hakika" akijiunga, ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Majaribio huenda kwa hatua. Hatua ya kwanza huhusisha watu wachache, mara nyingi watu wazima wenye afya, kuangalia usalama. Ya pili huhusisha mamia, na ya tatu maelfu. Chanjo ya watoto wachanga kwa kawaida huanzia kwa wakubwa, kisha hushuka umri kidogo kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi ni jepesi: "Hii ni hatua ya ngapi, na imeshatumika kwa watoto wangapi kabla ya wangu?"

Kompyuta ndiyo inayogawa

Chukua chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza. Jaribio lake la hatua ya tatu liliandikisha watoto wapatao 4,800 wa miezi 5 hadi 36 katika nchi nne: Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kwa Kenya lilifanyika Kilifi, na kwa Tanzania Bagamoyo.

Kati ya kila watoto watatu, wawili walipata chanjo ya malaria. Wa tatu alipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Wazazi wengi hushangaa hapo, lakini sababu yake ni hii: bila kundi la kulinganisha, haiwezekani kujua kama malaria imepungua kwa ajili ya chanjo au kwa sababu mvua zilikuwa haba mwaka ule. Na badala ya kuchomwa maji matupu, mtoto wa kundi hilo alipewa kinga dhidi ya ugonjwa mwingine wa kweli.

Nesi hachagui nani apate nini, na mzazi hawezi kuomba. Kompyuta hugawa kama kura, ili pasiwe na upendeleo. Mara nyingi hata anayempima mtoto hajui kilichokuwa ndani ya sindano.

Baada ya mwaka mmoja, chanjo hiyo ilikuwa imepunguza malaria kwa asilimia 75 katika maeneo ambako watoto walichanjwa kabla ya msimu wa ugonjwa, na kwa asilimia 68 katika maeneo mengine. Oktoba 2023, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi ya watoto.

Jaribio lililosimamishwa

Si kila jaribio huishia kwa habari njema, na hilo nalo mzazi anapaswa kulijua.

Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Uliwahusu watoto walioletwa mahututi kwa homa kali, damu yao ikizunguka vibaya mwilini. Swali lilikuwa kama wapewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Madaktari wengi waliamini ndivyo inavyofaa, kwani ndivyo ilivyokuwa ikifanyika katika nchi tajiri.

Baadhi walipewa maji hayo kwa kasi, wengine hawakupewa kwa kasi. Wote waliendelea kupata matibabu mengine ya kawaida. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa kwa kasi, takriban 11 walifariki. Kwa wale wengine walifariki takriban 7.

Kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu ilipendekeza kazi isimame, na Januari 2011 uandikishaji ulisitishwa. Watoto zaidi ya 3,100 walikuwa wameshaingia. Bila utafiti ule, hospitali zingeendelea kutoa kwa nia njema kitu kilichokuwa kikiongeza vifo. (Watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, hivyo mzazi asimkatalie dripu mtoto wa namna hiyo.)

Ndiyo maana mzazi aulize: "Ni kamati gani huru inayofuatilia usalama, na ina uwezo wa kusimamisha?" Kwa Tanzania, fomu inapaswa kuonyesha kibali cha maadili, kama kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Majaribio ya dawa na chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Damu, nauli na sahihi

Hofu ya bibi isidharauliwe. Dawa yake ni kuuliza waziwazi: damu itachukuliwa mara ngapi, kiasi gani kila mara, itapimwa nini, na je, itahifadhiwa au kusafirishwa nje? Majibu yote yanapaswa kuwemo kwenye fomu. Mzazi aombe aonyeshwe kipimo kwa kijiko. Kijiko cha chai ni kama mililita 5.

Kuhusu pesa, kinachotolewa kwa kawaida ni nauli na fidia ya muda uliopotea. Kikiwa kikubwa kiasi cha kumfanya mzazi afumbe macho asione hatari, kuna kasoro. La muhimu zaidi ni kuuliza: "Mtoto akidhurika kwa sababu ya utafiti, nani atagharamia matibabu, na nimpigie nani usiku wa manane?"

Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa yote mbele ya shahidi asiye mtafiti, kisha ndipo aweke dole gumba. Kila mzazi ana haki ya kubaki na nakala ya fomu, kuipeleka nyumbani na kushauriana.

Na sahihi haimfungi. Mzazi anaweza kumtoa mwanawe siku yoyote bila kueleza sababu, na mtoto akaendelea kupata huduma zake za kawaida kliniki. Akitaka kuacha, awaambie watafiti, ili wamwelekeze kama kuna uchunguzi wa usalama unaobaki.

Siku ya miadi ikifika, yule mama anarudi kliniki pamoja na bibi. Fomu bado haijasainiwa. Nyuma yake, kwa kalamu ya mtoto wake wa shule, ameandika maswali saba, na la kwanza ni la bibi.

"Karibu, mama," anasema nesi, akivuta kiti cha pili. "Tuanze na la damu."