Vilima Viwili vya Lubumbashi

Na Ilunga Mwansa

Wageni waingiao Lubumbashi hukitazama kwanza kilima cheusi kilicho kando ya ile dohani ndefu, nasi wenyeji twakionea fahari kana kwamba tulikikuta hapo. Ilhali kilima hicho ni mabaki ya tanuri la shaba lililowashwa mwaka 1911, yaliyomwagwa miaka na miaka kwa dhana kwamba hayana faida tena. Ilibidi ifike karne hii ndipo kikaanza kazi kiwanda cha kuyayeyusha upya, ili kuitoa kobalti iliyokuwa ndani yake. Nayo ikapelekwa Finland kusafishwa.

Kilima cha pili, ambacho aghalabu hakuna ampelekaye mgeni kukitazama, ni kichuguu. Katika miombo inayouzunguka mji wetu vimo vichuguu vipitavyo paa la nyumba kwa kimo, na aliyevijenga ni mchwa, mdudu kipofu, ambaye hukusanya majani makavu na vijiti vilivyokufa, akavitafuna, akavipanga chini ya ardhi na kuotesha juu yake kuvu. Kuvu hiyo huulainisha ule ugumu wa mti ambao tumbo lake haliuwezi, kisha mwenyewe huila. Mvua zikishuka, kuvu hutoa uyoga, huo huo wauzao mama zetu kandokando ya barabara. Na udongo wa kichuguu, wenye chokaa na rutuba kuliko ardhi nyekundu ya jirani, wakulima huuchimba wakautandaza penye mahindi. Kila kitokacho mlango mmoja kimekwisha kungojwa katika mwingine.

Sisi twavunja kichuguu tukafyatua matofali, tukayachoma kwa kuni za miombo ile ile, na miti iliyosalia tukaifanya makaa. Wala simlaumu atafutaye nyumba au moto wa kupikia bukari, maana hayo ndiyo maisha ya wengi wetu. Lawama yangu nawaelekezea wenye tadbiri ya migodi. Kiwanda kipya kikiomba ruhusa, kabla ya hesabu ya tani na ya kodi, nataka mwenyewe aulizwe: mabaki yako, tangu siku ya kwanza, yatakuwa riziki ya nani hapa hapa Katanga? Na mji wenye mafundi wa tanuri wa zaidi ya karne moja, wenye Chuo Kikuu chake, hauwezi kudai kwamba hauna watu wa kulipima jibu lake.