Mtoto Anapojifunza Kuchomelea Vyuma

Juma hii tunaongea juu ya kazi inayolisha familia nyingi hapa Goma: kuchomelea vyuma. Vijana wetu wanajifunza kutengeneza milango, madirisha na mbabula, na umeme ukikatika wanashika gesi. Mama anayelipa pesa ya mafunzo ana haki ya kujua mtoto wake anavyowasha moto huo.

Kwanza tujue gesi yenyewe. Inaitwa asetilini. Atelie nyingine huinunua ndani ya chupa, nyingine huitengeneza palepale kwa kutia maji kwenye mawe ya karbiri ndani ya pipa la chuma. Ina harufu kama ya kitunguu saumu. Ikichanganyika na hewa, hata kidogo, cheche moja inatosha kuilipua. Kwa hiyo pipa la karbiri halikai karibu na moto, wala karibu na mtu anayevuta sigara. Mawe yake yawekwe pakavu, mbali na mvua na mbali na watoto. Mtoto akitia kipande ndani ya chupa yenye maji na kuifunga ili isikie «bum», anaweza kupoteza macho au vidole.

Kabla ya kuwasha, chupa zisimame wima na zifungwe kwa mnyororo. Mipira isiwe na nyufa. Kama kuna shaka ya kuvuja, tunapaka maji ya sabuni na kuangalia mapovu. Hatutafuti uvujaji kwa kibiriti hata siku moja. Mikono na vifaa visiwe na mafuta, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta au grisi, moto unaweza kuzuka wenyewe. Nguvu ya asetilini kwenye mpira isizidi bari 1, maana juu ya hapo gesi hiyo inaweza kulipuka yenyewe.

Sasa kuwasha. Fundi anaelekeza mdomo wa bomba mbali na watu na mbali na chupa. Anafungua asetilini kidogo, anawasha kwa kiwashio cha cheche chenye mkono. Kiberiti cha gesi cha mfukoni hakifai, kinaweza kupasuka mkononi. Moto wa kwanza ni wa njano na unatoa masizi meusi. Anaongeza asetilini mpaka masizi yaishe, ndipo anafungua oksijeni polepole, mpaka ndani ya moto ionekane ncha nyeupe iliyo safi. Wakati wa kuzima anafunga asetilini kwanza, halafu oksijeni, kisha anafunga chupa zote mbili.

Moto ukiingia ndani ya bomba na kupiga mluzi, afunge oksijeni mara moja, kisha asetilini. Kuna kifaa kidogo kinachozuia moto usirudi mpaka kwenye chupa. Atelie isiyo nacho inacheza na maisha ya watoto.

Jambo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Tunapenda kupeleka mapipa yakatwe ili tupate mbabula au chombo cha maji. Pipa lililokuwa na petroli au mazuti, hata likionekana tupu, lina mvuke ndani yake, na mvuke huo ndio unaolipuka. Goma tunajua: Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kupita mjini, kituo cha mafuta kililipuka na makumi ya watu wakafa. Usimpe fundi pipa la mafuta bila kumwambia lilibeba nini. Na ukisikia amesema «hakuna shida, ni tupu», lirudishe nyumbani.

Kwa wale wanaopika na gesi ya chupa, kumbuka mazuku. Tunawakataza watoto kucheza kwenye mashimo kwa sababu mazuku ni nzito kuliko hewa na inatulia chini. Gesi ya kupikia nayo inatulia chini vilevile, ila hii inawaka. Ukisikia harufu yake, usiwashe kitu, usiguse swichi ya taa. Funga chupa, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimekaribiana. Moto wa mmoja ni moto wa avenue nzima.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute.

Juma hii, mama mwenye mtoto atelie aende kumtembelea. Aangalie mambo manne: miwani ya giza machoni, viatu vilivyofunika vidole, nguo za pamba zisizo za nailoni, na ndoo ya mchanga karibu. Kikikosekana kimoja, aongee na fundi mkuu kwa heshima, lakini aongee. Na akiona aibu kwenda peke yake, waende wamama watatu wa kikundi. Fundi mzuri hatakasirika. Naye ana watoto.