Rutuba Peke Yake Haitoshi Zombo

Nimesoma hoja kwamba familia ikihamia Zombo, kati ya Kilosa na Mikumi, ikalima na kufuga, itajitegemea hata maafa yakija. Sikubaliani nayo.

Udongo wa huko ni mzuri, hilo halina ubishi. Lakini maji yaleyale yanayoteremka milimani na kurutubisha mabonde ya Kilosa ndiyo yanayobomoa. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukaikata Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Wakulima walikuwemo, shamba halikuwaokoa.

Hata mavuno mazuri yana adui. Mdudu dumuzi akiingia kwenye gunia la mahindi, punje hutobolewa zikageuka vumbi kabla mvua hazijarudi. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ndiyo akiba.

Anayetaka kuhamia aulize kwanza: maji hufika wapi mvua zikizidi? Barabara ikikatika, mgonjwa atapelekwaje zahanati? Majirani wamejipangaje? Akishajibiwa, ndipo anunue shamba. Usalama wa Zombo utajengwa na kijiji kizima, si kaya moja iliyojifungia na ghala lake.