Jenereta ya duka isikule faida ya memba



Katika mikutano ya koperative za bonde la Ruzizi, mambo yanayochukua saa nyingi yanajulikana: bei ya mpunga, mbegu, mbolea, barabara. Watu wanabishana mpaka jua linaelekea milimani. Lakini wakifika kwenye hesabu ya duka, kuko mstari mmoja ambao karibu hakuna mtu anauliza: "mafuta na matumizi mengine". Mwandishi anausoma, memba wanapiga makofi, tunaenda kula.

Sisi tunaona mstari ule njo unakula faida ya memba kimyakimya. Na maoni yetu ni haya: kabla ya koperative kuomba pano za jua kwa wafadhili, kabla ya kupandisha bei ya chumvi na sabuni, ipime kwanza moto inaoutumia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafuta ya jenereta ni mali.

Hapa kwetu moto ni ghali kwa sababu tunazozijua. Mto Ruzizi unapita karibu na mashamba yetu, na nguvu yake inatoa umeme tangu miaka ya 1950, wakati Ruzizi ya kwanza ilipojengwa karibu na Bukavu. Ruzizi ya pili ikafuata mwaka 1989, kwa ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu, upande wa Kamanyola, inazungumzwa miaka mingi. Lakini vijiji vingi vya bonde bado havina umeme wa kutegemea, na duka linawasha jenereta. Mafuta yake yanatoka pwani ya Bahari ya Hindi, yanasafiri kwa lori au kwa mashua, yananunuliwa kwa dola, yanapita mikono mingi mpaka kufika kwenye chupa ya kadafi kando ya barabara. Mvua ikikata barabara namba 5, ao mapigano yakiifunga, bei inapanda siku ile ile. Mkulima yeye anauza mpunga kwa franka, na bei yake haipandi kwa siku moja.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukueni karatasi, na pale ambapo namba yetu si ya kwenu, wekeni ya kwenu.

Tuseme duka linawasha jenereta ndogo ya petroli kila jioni, saa 5. Jenereta kama ile inakunywa karibu lita 0.6 kwa saa, hata kama inabeba ampuli chache tu, kwa maana mashini ikiwaka inakunywa, kazi iwe kubwa ao ndogo. Kwa siku ni lita 3. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni lita 78. Tuseme lita moja ni franka 3,500. Mwezi unakula franka 273,000.

Namba ile peke yake haisemi kitu. Tuibadilishe kuwa mchele. Kama duka linapata franka 200 ya faida kwa kila kilo, lazima liuze kilo 1,365 kwa ajili ya mafuta tu. Ni mifuko 27 ya kilo 50, na kitu juu. Mifuko ile yote inabebwa, inapimwa, inauzwa, mbele ya kulipa muuzaji, mbele ya kulipa kodi ya nyumba, mbele ya memba kupata hata franka moja. Namba ya namna hii ikisomwa mbele ya wamama waliopanda ule mpunga na kuupalilia, hatuamini kama wataendelea kupiga makofi.

Swali la pili: moto ule unafanya kazi gani? Tuhesabu kwa wati-saa, ni kusema nguvu ya chombo mara saa zake. Ampuli 5 za LED za wati 7, kwa saa 4, ni wati-saa 140. Telefone 20 za kuchaji, kila moja karibu wati-saa 12, ni 240. Radio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Jumla ni 440 kwa siku. Ni kidogo sana. Pano moja ya wati 200 na batri nzuri inaweza kuifanya kazi ile.

Kisha ingizeni frigo ya kugandisha ya kawaida. Kwa joto la bondeni, na mlango unaofunguliwa kila dakika, inaweza kuomba wati-saa 1,300 kwa siku ao zaidi. Ni kusema robo tatu ya moto wote wa duka unaenda kwenye sanduku moja. Na kama jenereta inawaka jioni tu, frigo inapoa usiku na kupata joto mchana, wakati mnunuzi anatoka shambani na kiu. Tunalipa baridi tusiyoiuza.

Hatusemi frigo zote ziuzwe. Tunasema frigo iwe na daftari yake. Mwezi mmoja, andikeni soda, maji na samaki iliyouza juu ya baridi, toeni bei ya kununulia, kisha toeni mafuta yake. Kama inabakiza faida, ibaki na tuipongeze. Kama haibakizi, basi ni heshima ya duka tu, na heshima ile inalipwa na watu ambao hawanywi soda. Ndagala wakavu na samaki wa chumvi wanauzwa bila baridi. Maji ya mtungi uliofunikwa vizuri, kivulini, yanapoza koo.

Jambo la tatu ni nyeti, lakini gazeti la koperative lisiposema, nani atasema? Ni pesa ya kuchaji telefone. Mahali pengi pesa ile haiingii kwenye daftari. Mafuta yanatoka kwenye kesi ya memba wote, malipo ya kuchaji yanaingia kwenye mfuko wa anayekaa dukani, na telefone za wakubwa zinachajiwa bure. Telefone 20 kwa franka 200 ni franka 4,000 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 26 ni franka 104,000. Hatumshitaki muuzaji. Mara nyingi mshahara wake ni mdogo, na hakuna aliyemwambia sheria. Basi mkutano utunge sheria: kila telefone inaandikwa, ya prezida na ya mjane bei moja, na muuzaji apewe sehemu inayojulikana. Hivi hata yeye atalala bila wasiwasi.

Kuko pia mashini ya kukoboa mpunga na ya kusaga mihogo. Pale ambapo mashini na duka viko chini ya paa moja, mafuta yanachanganyika, na duka linaonekana linapata hasara ambayo si yake, ao mashini inaficha hasara ya duka. Kila moja iwe na bidoni yake na ukurasa wake. Na mashini isiwashwe juu ya beseni moja. Mkipanga siku na saa za kukoboa, watu wakaleta mizigo pamoja, injini inafanya kazi kwa nguvu yake yote na kila kilo inakula mafuta kidogo. Tunajua mama mwenye watoto nyumbani hawezi kungoja siku tatu. Kwa hiyo ratiba ipangwe na wamama wenyewe, wao njo wanabeba beseni.

Wengine watatuambia: "Nyinyi wa mashirika, leteni pano, maneno yaishe." Pano ni kitu kizuri. Lakini pano inayowekwa kwa duka lisilojua hesabu ya moto wake inakufa mapema. Watu wanaunganisha frigo, wanaunganisha televizio, batri inamalizwa kila usiku, na baada ya muda mfupi duka linarudi kwa kadafi. Batri za maji, zile za risasi na asidi, zinapenda kubakizwa nusu. Batri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kazi hii. Na vumbi la barabara yetu linakaa juu ya pano: kitambaa chenye maji, asubuhi mapema, kila wiki, ni kazi ya dakika chache.

Zaidi ya yote, batri inazeeka. Koperative ikiweka dola 5 kila mwezi kwenye kasha la batri, baada ya miaka 3 kuko dola 180. Pesa ya kuchaji telefone inaweza kulijaza kasha lile bila kugusa mpunga wa mtu. Koperative yenye kasha la batri haiombi pano kama sadaka. Inazungumza na mfadhili ao muuzaji kama mtu anayejua anachotaka.

Wengine watasema tungoje waya za Ruzizi ya tatu. Tungoje, ndiyo, lakini tukipima. Waya zikifika zitakuja na kontere na bili, na duka lisilojua matumizi yake litashangaa kwa bili vile linavyoshangaa kwa bidoni.

Neno moja bado, na si la pesa. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikaribia, wengine kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Bonde lote lilizika. Hata hivyo bado tunaona maduka yenye bidoni ya petroli chini ya meza, karibu na mshumaa, na mtoto wa muuzaji analala nyuma. Kila lita ambayo duka halihitaji tena ni lita ambayo hailali karibu na mtoto. Ile inayobaki iwekwe nje ya nyumba, kivulini, ndani ya bidoni inayofungwa, na jenereta isijazwe ikiwa ingali inawaka ao ina moto.

Basi tunaomba mambo matatu kwa mkutano mkuu unaokuja. Kwanza, mstari wa "mafuta na matumizi mengine" uvunjwe: mafuta peke yake, matumizi mengine peke yake. Pili, mchague watu wawili wasio wa komite, mmoja wao awe mama, waandike kwa siku 30 kila lita inayoingia, kila saa ya jenereta na kila telefone inayochajiwa. Tatu, wasome hesabu ile kwa sauti, kwa lugha ya wote, na waibadilishe kuwa mifuko ya mchele. Kisha memba wenyewe waamue nini kiwashwe na nini kizimwe.