Tundu Dogo, Mkono Huru

Anayeshonesha koti hakosi kumwambia fundi: "Uniachie nafasi kwapani." Wengi wanaamini kwamba tundu la mkono likiwa pana, mkono utacheza, na likiwa dogo litamfunga mvaaji. Mambo ni kinyume kabisa, na makoti ya zamani ya London ni ushahidi tosha.

Mkono huzunguka kwenye fundo la bega. Tundu likikatwa juu, karibu na kwapa, mshono wake hukaa jirani na fundo hilo. Ukinyanyua mkono, mkono wa koti unafuata na kiwiliwili cha koti kinatulia. Tundu likishuka, kitambaa cha ubavuni kinaungana na mkono chini mno. Shika bomba la daladala uone: koti zima linapanda, kola inaachana na shingo, kifungo kinavutika. Nafasi uliyoiomba ipo, ila ipo mahali mwili hauihitaji.

Frederick Scholte, fundi wa London mzaliwa wa Uholanzi aliyemshonea mwanamfalme aliyekuja kuwa Edward VIII, alilielewa hili vizuri kuliko wengi. Nafasi aliiweka kifuani na mgongoni, usawa wa mafupa ya mabega. Tundu alilikata dogo na la juu, kisha akalivisha mkono mpana kuliko tundu lenyewe, kitambaa cha ziada kikimezwa taratibu na sindano na pasi mpaka kisionekane. Mwanafunzi wake, Per Anderson, aliuhamishia ukataji huo Anderson & Sheppard, duka lililoanza mwaka 1906. Fred Astaire alishonewa huko, na yeye kazi yake ilikuwa kucheza dansi.

Wapo wanaosema umbo la makoti yale lilitokana na pamba iliyoshindiliwa begani. Pamba ilikuwepo, sikatai, na mabega mengine ya miaka ya 1940 yalijazwa kupita kiasi. Lakini kwa fundi hodari ilikuwa matabaka membamba yanayopungua kuelekea shingoni, juu ya kitambaa cha ndani chenye singa za farasi. Ukingo wa tundu ulivutwa kwa uzi ili usitanuke, na hapo ndipo kifua kilipopata mviringo. Huko Napoli, miaka ya 1930, Vincenzo Attolini aliondoa karibu pamba yote, na koti likabaki na umbo lake. Hoja ya pamba inaishia hapo.

Kiwanda kina sababu ya kushusha tundu: saizi moja lazima iingie watu wengi wenye mabega tofauti. Anayeshonewa kwa vipimo vyake hana sababu hiyo. Tundu likikwaruza kwapa siku ya kujaribisha, fundi atalichonga kidogo na tatizo litaisha. Likiwa limeshuka tayari, hawezi kulipandisha, kwa sababu kitambaa cha kupandishia kimeshakatwa na kutupwa.