Mzaliwa wa Keiyo, Bendera ya Qatar

Mnamo mwezi wa Agosti 2003, mjini Paris, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mshindi alikuwa kijana wa Keiyo, Stephen Cherono. Walakini jina hilo halikuwamo katika orodha ya washindani. Aliandikwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, maana alikuwa amepata uraia wa nchi hiyo muda mfupi tu kabla ya siku ile. Nyuma yake alifika Ezekiel Kemboi wa Kenya. Nduguye mkubwa, Christopher Kosgei, alikuwa ameishindia Kenya mbio zizo hizo mwaka 1999. Basi nyumba moja ikawa na mabingwa wawili wa dunia, kila mmoja na bendera yake.

Maneno yalikuwa mengi siku zile, na wako waliosema kwamba kijana huyo ameiuza nchi. Yafaa kuuliza kama hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Sheria za michezo haziulizi kitovu cha mtu kilizikwa wapi. Huuliza uraia wake. Tena, katika Michezo ya Olimpiki kila nchi hupewa nafasi tatu tu katika mbio kama hizo. Kwa nchi nyingi nafasi tatu ni nyingi mno. Kwa Kenya, aliye wa nne nyumbani aweza kuwa miongoni mwa walio bora duniani, naye hubaki kuwatazama wenzake. Mkulima mwenye wana sita na shamba la ekari tatu hashangai mmoja wao akienda kutafuta ardhi mbali.

Lakini atafutaye ardhi huenda akaikaa. Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kapchemoiywo, alikwenda Denmark akiwa mwanafunzi, akaishi huko, akaishindia nchi hiyo mbio za mita 800 za dunia mwaka 1995, 1997 na 1999. Mwaka 1996 aliikosa Olimpiki ya Atlanta kwa kuwa uraia wake ulikuwa haujakamilika, ingawa wakati ule hapakuwa na wa kumshinda. Ni nani atakayesema kwamba mtu huyo hakuwa Mdenmark? Mahali alipozaliwa hapakumzuia, wala hapakupasa kumzuia.

Mambo ni mengine pale mtu alalapo na kuamka katika vilima vya nyumbani, na nchi aikimbiliayo akaijua kwa paspoti na mshahara. Na ni mabaya zaidi akiwa mtoto. Ruth Jebet, aliyeipatia Bahrain nishani ya dhahabu ya Olimpiki, mjini Rio mwaka 2016, alihamia nchi hiyo kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto wa umri huo haachiwi kuuza hata ng'ombe wa baba yake bila wazee kuketi. Itakuwaje aachiwe kubadili taifa?

Kwa sababu ya mambo kama hayo, chama cha riadha cha dunia kilisimamisha uhamisho mwaka 2017, na mwaka 2018 kikaweka sheria mpya: mkimbiaji awe ametimiza miaka 20, naye angoje miaka mitatu. Sheria hiyo ni njema. Humtenga mwenye kuhamia na mwenye kupita njia.

Kungoja, Shaheen alikuonja mapema. Kenya haikukubali apunguziwe muda, naye akaikosa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Wakenya watatu, Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, wakazitwaa nishani zote tatu. Siku chache baadaye, tarehe 3 Septemba, Shaheen alikimbia mjini Brussels kwa dakika 7 na sekunde 53.63. Hiyo ikawa rekodi ya dunia ya mbio hizo, na rekodi hiyo ilidumu kwa jina la Qatar mpaka mwaka 2023, alipoivunja Lamecha Girma wa Ethiopia.