Hakatai Amri, Hasikii



Kapita mmoja alituletea mtu wake na karatasi: «Huyu ni mkaidi, hafuati amri.» Mzee akaketi mbele yangu. Miaka mingi shimoni, pamoja na mashini ya kutoboa mawe. Nilipomtazama usoni alijibu vizuri. Nilipoinama kuandika huku ninasema, akanyamaza. Ukaidi haukuwapo. Ni masikio.

Nakiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii, watu wa namna hiyo niliwapa dawa ya matone na kuwarudisha kazini. Lakini matone hayawezi kuponya sikio lililoharibiwa na makelele. Ndani yake mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, navyo vikifa haviote tena. Makelele ya desibeli 85, mpaka wake ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15 tu. Na mashini ya kutoboa mawe inapita 100. Pamba mnayotia masikioni haitoshi: vaeni vizibo au kaske ya masikio.

Zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu husema: «Ninasikia, lakini sielewi.» Ngoma anaisikia, lori analisikia, lakini «saba» na «shaba» kwake ni neno moja. Kumpigia kelele hakumsaidii.

Mama, usiseme bwana wako amekuchoka. Zima redio, mguse begani, ndipo useme, pole pole, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Asipoelewa, tafuta maneno mengine. Saa na hesabu ya pesa, ziandike. Umeme ukikatika, washa taa kwanza, maana gizani haoni midomo yenu na anakuwa kiziwi mara ya pili. Watoto wasimcheke.

Aparei ya masikio inasaidia wengi, lakini si kama miwani. Inakuza kila sauti, hata mlio wa sahani. Mtu aanze nayo chumbani penye utulivu, saa chache kwa siku, na baada ya majuma kadhaa atazoea. Wengine wanaifungia sandukuni siku ya tatu. Hao warudi kwetu tuipime upya.

Wako wakubwa wanaosema mtu wa namna hii aende kwao. Mimi sikubali. Masikio yake yamebaki shimoni, ufundi wake bado anao. Apewe kazi mbali na makelele, alamu iwe na taa pamoja na king'ora, na mwenzake mmoja awe na kazi ya kumgusa kukiwa na hatari. Mtu akijua kwamba kipimo kitamfukuzisha kazi, ataficha. Naye anayeficha ndiye atakayesimama nyuma ya lori linalorudi kinyumenyume.

Kwa kipimo, njoni asubuhi kabla ya kazi, mkiwa mmepumzika makelele saa 14, na muziki wa baa ni makelele vilevile. Bibi aje pia. Yule mzee alipokuja mara ya pili na bibi yake, ni bibi aliyetuambia kwamba mambo hayo yalianza siku nyingi.